Papa wa Kulipia, Mamba wa Bure

Jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu kuzamia na papa lilikuwa kidole gumba. Huku nchi kavu ukimwinulia mtu dole gumba unamwambia poa, mambo sawa. Chini ya maji maana yake ni nyingine kabisa: napanda juu, sasa hivi. Ukitaka kusema uko sawa unagusanisha gumba na kidole cha shahada, duara linatokea. Ukiona papa unasimamisha kiganja juu ya paji la uso, kama pezi. Lakini ile ya gumba mkufunzi wetu aliirudia hadi tukaichoka. "Mtu yeyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote," alisema. "Akiinua gumba, mbizi imeisha. Hakuna kumwuliza kwa nini, hakuna kumcheka tukifika juu."

Mimi ni mtu wa Garsen, kando ya mto Tana. Siku hiyo, nikiwa nimekaa sakafuni na wenzangu tukifanya mazoezi ya vidole kama watoto wa chekechea, nilimkumbuka nyanya yangu. Amechota maji ya Tana tangu akiwa msichana mdogo, na mamba walikuwemo mle mtoni kabla yake. Nikajiuliza: yeye akitaka kusema imetosha, anainua kidole gani? Na anamwinulia nani?

Hilo swali halijaniacha. Na ukilichimba, ndani yake kuna jingine gumu zaidi, ambalo sisi vijana wa mjini tunaopenda wanyama huwa tunalikwepa: nani ana haki ya kumwambia binadamu mwenzake ampende mnyama anayeweza kumla?

*

Nieleze kwanza nilifikaje huko. Naishi Nairobi, kazi yangu ni ya kompyuta, haina maji wala samaki. Mwaka 2023 rafiki yangu alinitumia tangazo: kambi ya kujitolea ya uhifadhi wa bahari, pwani ya kusini upande wa Shimoni, inatafuta Wakenya wawili. Watafundishwa kuzamia bure, kisha wasaidie kuhesabu samaki kwenye matumbawe. Wenzetu wengine, wengi wao vijana kutoka Ujerumani, Uingereza na Uholanzi, walikuwa wamelipa. Mmoja aliponitajia alicholipa kwa wiki nne niligeuza zile pesa kichwani kuwa ng'ombe wa Garsen, tabia yangu mbaya hiyo, nikapata zizi dogo.

Aibu ya kwanza: sikuwa mwogeleaji. Watu walishangaa. "Umekulia kando ya mto mrefu kuliko yote Kenya na hujui kuogelea?" Ndiyo, na sababu ni hiyo hiyo. Tana inasafiri karibu kilomita elfu moja kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hadi baharini Kipini, na inapopita kwetu maji yamejaa udongo, rangi ya chai ya maziwa. Humwoni mamba mpaka amekuona yeye. Nyumbani kwetu watoto hatukufundishwa kuogelea, tulifundishwa kutoingia. Kuogelea nilijifunza ukubwani, Nairobi, kwenye bwawa ambalo kitu hatari kuliko vyote ni watoto wa Jumamosi.

Basi nikaanza. Mtungi wa hewa mgongoni, kifaa cha kupumulia mdomoni, mkanda wa risasi kiunoni. Cheti cha mwanzo kinakuruhusu kushuka hadi mita 18. Sheria kubwa kuliko zote ni moja: usizuie pumzi. Ukifika mita 10 mgandamizo umekuwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa unayovuta imebanwa vivyo hivyo. Ukiifungia kifuani kisha ukapanda, inatanuka, na mapafu yanaweza kupasuka. Kwa hiyo hata kutoroka kuna adabu yake. Unapanda polepole, unapumua, na mita 5 kabla ya kufika unasimama dakika tatu ili naitrojeni itoke mwilini taratibu. Wiki ya kwanza niliinua gumba mara nne. Mara nne zote tulipanda, na kweli hakuna aliyenicheka.

Mara ya tano sikuinua. Tulikuwa kando ya mwamba, kina cha mita 15 hivi, mwenzangu akasimamisha kiganja kwenye paji la uso. Chini ya meza ya tumbawe alikuwa amelala papa wa mwambani, wale wenye ncha nyeupe kwenye pezi la mgongoni. Urefu wake labda mita moja na nusu. Hawa huwinda usiku, mchana hupumzika sakafuni. Matamvua yake yalikuwa yakifunguka na kufunga. Akatutazama kwa jicho lile lisilo na haraka, akainuka, akazunguka mara moja, akaenda zake. Moyo ulinidunda hadi nikausikia ndani ya maji. Lakini niseme kweli: nilipenda. Nilipenda sana.

Kwenye mashua msichana mmoja Mjerumani alikuwa analia kwa furaha. "Sijawahi kujihisi hai namna hii," aliniambia, na nilimwelewa kabisa. Hofu ilikuwa imeingia, imepita, na imetuacha safi. Usiku ule wa chakula cha jioni mazungumzo yalikuwa papa tu. Mkufunzi alitupa hesabu: papa huua watu wasiofika kumi kwa mwaka, kwa wastani, dunia nzima. Sisi nao? Makadirio yaliyochapishwa 2013 yanasema tunaua papa milioni 100 hivi kila mwaka. Utafiti mwingine, wa 2021, ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Mtu mmoja akasema, akitikisa kichwa, "Watu wa huku lazima wafundishwe kumpenda papa."

Watu wa huku ni mimi. Nilinyamaza. Sikuwaambia kwamba kwa nyanya yangu papa ni kitoweo: papa mkavu, anarowekwa usiku kucha chumvi itoke, anachemshwa, anachambuliwa, anaingizwa kwenye tui la nazi na ndimu na pilipili. Nimemla tangu sijaota meno yote. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kubaki mmoja wao.

*

Kambi ilipoisha nikapanda basi hadi Malindi, kisha jingine hadi Garsen. Nyanya alinipokea na chai, akanitaka nimweleze nilikokuwa. Nikamweleza yote: mtungi, kina, papa chini ya tumbawe. Alisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza redio.

"Na hao wenzako," akauliza, "walilipa?"

"Walilipa, nyanya. Pesa nyingi."

"Kumtafuta papa?"

"Ndiyo."

"Na akitokea?"

"Tunafurahi."

Alikaa kimya kidogo, halafu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Basi waambie waje hapa, mjukuu wangu. Wa kwetu ni wa bure."

Nilicheka naye. Lakini asubuhi nilimfuata mtoni, na kwa mara ya kwanza maishani nikamtazama anavyofanya kama vile nilivyokuwa nikimtazama mkufunzi. Haendi alfajiri kabla hakujapambazuka, wala magharibi. Hachoti mahali pale pale siku mbili mfululizo, kwa sababu mamba hujifunza ratiba ya mtu. Anasimama juu kabisa ya ukingo, hatua moja nyuma ya maji. Chombo cha kuchotea ni kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, na anajaza jerikeni yake nalo kidogo kidogo. Hageuzi mgongo. Haendi peke yake. Yaani sheria anazo, nyingi kuliko zangu, na amezishika miaka mingi kuliko umri wa mkufunzi wetu. Kitu kimoja tu hakipo katika sheria zake, ile ya gumba. Siku anayojisikia vibaya, siku mto umefurika, siku jirani amemwona mamba mkubwa pale pale jana jioni, maji yanahitajika vilevile.

Mjomba wangu ana mkono mmoja. Mamba aliuchukua wa kushoto nilipokuwa darasa la sita, akinywesha ndama. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe, nikamwuliza swali ambalo sijawahi kumwuliza: anamchukia mamba?

"Mamba sina ugomvi naye," alisema. "Mto ni wake pia, alikuwepo. Ugomvi wangu mimi ni wa bomba."

Bomba lililoahidiwa, anamaanisha. Likaja, likatoa maji miezi kadhaa, pampu ikaharibika, aliyelileta hakurudi. Kuhusu fidia hakutaka kuongea sana. Fomu alijaza, ofisi alizunguka, akachoka. Ninachoweza kukuambia ni kilichoandikwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama wa porini na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na ikaorodhesha wanyama wanaohusika. Ndovu yumo, simba yumo, kiboko na mamba wamo. Na papa yumo pia. Nilipoona papa na mamba kwenye orodha moja nilihisi kama maisha yangu mawili yameandikwa kwenye karatasi moja.

*

Sasa tulifikirie hili pamoja.

Kuna mwanafalsafa wa Australia aliyeitwa Val Plumwood. Februari 1985 alikuwa peke yake kwenye mtumbwi mdogo katika hifadhi ya Kakadu, mamba wa maji ya chumvi akamkamata, akamvuta majini na kumbiringisha mara tatu. Akaponyoka na jeraha baya la mguu, akatembea na kutambaa hadi akaokolewa. Watu walipotaka mamba auawe, yeye alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye ndiye aliyeingia nyumbani kwa mamba. Miaka ya baadaye aliandika jambo lililowaudhi wengi: kwamba binadamu naye ni chakula, na kwamba kiburi chetu ni kujiona sisi tunakula dunia lakini dunia haina ruhusa ya kutula.

Namheshimu sana Plumwood. Ukisoma habari zake unaona mtu aliyelipia maneno yake kwa nyama yake. Lakini nilipomfikiria chini ya ule mwembe, niliona vitu viwili. Cha kwanza, alisamehe kwa niaba yake mwenyewe. Aliyeumwa ndiye mwenye msamaha. Mimi niliyekaa Nairobi siwezi kumsamehea mjomba mkono wake, na yule kijana wa kambini hawezi kumsamehea mvuvi wavu wake uliochanwa. Cha pili, Plumwood alikwenda mtoni kwa hiari, kwa sababu alipenda mahali pale. Waswahili wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sawa, lakini methali hiyo inamhusu aliyevua nguo mwenyewe. Kuna watu ambao hawakuyavulia nguo, walizaliwa ndani yake.

Ndiyo maana sikubali tunaposema kwamba hofu ya mzamiaji na hofu ya mchota maji ni kitu kimoja kwa kuwa moyo unadunda sawasawa. Hofu niliyoichagua ina mwisho ninaoushika mkononi. Inaniburudisha kwa sababu hiyo, na papa ananipendeza kwa sababu hiyo. Muda wote niliokuwa namtazama papa yule, gumba langu lilikuwa huru. Niondolee gumba, niambie utashuka hapa kila asubuhi hadi ufe, mtungi ukiwa na hewa au usiwe nayo, na watoto wako watashuka pia, halafu niulize kama bado nampenda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo upendo wetu kwa wanyama wakali, sisi wa mjini, si uongo. Ila tumeujenga juu ya mlango wa kutokea, na kwa kuwa mlango uko nyuma yetu hatuuoni. Tunadhani tunapenda kwa sababu tumeelimika, na wengine hawapendi kwa sababu hawajafundishwa. Kumbe tofauti ni mlango.

Angalia mfano wa Gansbaai, Afrika Kusini. Mtalii anayetaka kumwona papa anateremshwa baharini ndani ya kizimba cha chuma. Hakuna anayemwambia awe jasiri zaidi, aelewe kwamba papa naye ana haki zake. Anapewa vyuma kwanza, elimu baadaye. Na Sri Lanka, kwenye mto Nilwala, vijiji hupigilia vigingi majini kuzunguka mahali pa kuogea na kuchota, mamba abaki nje na watu ndani. Ni kitu kile kile, kizimba. Cha mmoja ni cha kuona mnyama kwa raha, cha mwingine ni cha kuoga. Sasa wewe niambie kipi kilistahili kutangulia duniani.

Halafu kuna kizimba ambacho wewe msomaji wa Nairobi unacho na hujui. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye mto Thika, na mto Thika huingia Tana. Umeme wa simu unayosomea haya, sehemu yake hutoka mabwawa ya Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Tunakunywa mto mmoja na nyanya. Sisi tunaufungua jikoni, yeye anaufuata ukingoni na kopo kwenye mti. Bomba ni kizimba kirefu sana, na sisi tumo ndani yake. Si ajabu tunawapenda mamba.

*

Hapa ningeweza kumaliza makala, watu wangu wakanipigia makofi. Lakini si haki, kwa sababu kuna upande wa papa.

Siku mbili baadaye nilikwenda Kipini na binamu yangu, Tana inapoingia Ghuba ya Ungwana. Mto unamwaga udongo na rutuba pale, kamba wanazaliana, na wanaokula kamba wanafuata. Kwenye mchanga, kando ya samaki wengine, niliona papa pingusi watano, wale wenye kichwa kama nyundo. Kila mmoja alikuwa na urefu wa mkono wangu tu. Watoto kabisa, kwa sababu pingusi akizaliwa huwa karibu nusu mita. Wamelala kwenye foronya ya plastiki, macho yao pembeni mwa nyundo yakiwa bado yanang'aa.

Wiki tatu nilikuwa nimehesabu samaki nikiota kumwona pingusi mmoja. Sasa nilikuwa nao watano, kwa bei ya mboga.

Nilimsalimu mwenye samaki, tukaongea. Nikamwuliza kwa nini hakuwarudisha majini.

"Dada, wavu sikuutupa kwa ajili ya hawa," alisema. "Nikiuvuta wameshakufa. Huyu haponi wavuni, anakufa upesi kuliko wote. Nimrudishe maiti?"

Alisema kweli, pingusi ni dhaifu wavuni. Akanikumbusha na jambo jingine ambalo watu wa Kipini hawalisahau: meli za kukokota nyavu za kamba zilizofanya kazi kwenye ghuba ile miaka mingi, zikizoa wadogo na wakubwa, hadi zikapigwa marufuku 2006, kisha zikaruhusiwa tena 2011. "Wakubwa wakivua ni biashara," alisema. "Mimi nikivua ni uharibifu."

Nilielewa hasira yake. Lakini pia nilielewa hesabu. Papa huchelewa sana kukomaa. Ukichukua watoto kila msimu, wavuvi wa kesho hawatakuwa na cha kuchukua. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya pingusi kwa sababu hiyo. Umaskini wa mvuvi hauwafufui wale watano. Mtu anaweza kuwa hana mlango na bado kinachotokea mikononi mwake kikawa hasara kwa wote, yeye akiwa wa kwanza. Nikisema hana kosa, hiyo haimaanishi hakuna kilichoharibika. Na wale vijana wa kambini, nikiri, pesa zao zilinunua hesabu ambazo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuzilipia. Bila mtu kuhesabu, tungejuaje kwamba wanapungua?

Jioni ile nyanya alikuwa amepika papa wa nazi. Alikuwa amemroweka tangu jana kwa sababu alijua nakuja. Nilikaa mbele ya sahani nikiwa na wale watano machoni, na ile asilimia 71, na nyanya ananitazama akingoja nisifu.

Nilikula. Sikuona heshima yoyote katika kumpa nyanya mhadhara juu ya kitoweo alichonunua sokoni Garsen kwa pesa za mboga zake. Lakini wakati nakula nilifikia uamuzi ambao hadi leo sijapata bora kuuzidi: wajibu hugawanywa kwa kadiri ya milango. Mwenye milango mingi ndiye aanze. Mimi Nairobi nina kuku, nina maharagwe, nina omena, nina duka kila kona. Papa sinunui tena, wala mezani mwa hoteli siagizi. Mvuvi wa Kipini ataanza atakapokuwa na wavu wa macho mengine na soko la samaki mwingine, na sehemu ya kumpatia hivyo ni deni letu sisi tuliokwisha kupata cheti, picha na furaha kutoka kwa papa. Nyanya ataacha kumwogopa mamba siku maji yatakapomfuata nyumbani. Kabla ya hapo, kumwambia ampende ni utovu wa adabu.

Najua udhaifu wa msimamo huu. Kila mtu anaweza kusema hana mlango. Hata mwenye meli atasema ana mikopo. Na papa hangojei tumalize kubishana nani aanze. Lakini njia nyingine, ile ya kuanza kumkemea aliye ukingoni kwa kuwa ndiye tunayemwona akiwa na damu mikononi, tumeijaribu muda mrefu, na sioni kama imemwokoa papa au mtu.

*

Kabla sijarudi Nairobi tulifanya kitu kimoja na binamu zangu. Tulikata vigingi, tukavipigilia mtoni nusu duara mahali nyanya anapopenda kuchota, nafasi kati ya kigingi na kigingi ikiwa nyembamba kuliko kichwa cha mamba. Siku mbili za kazi, mtu mmoja akiwa juu ya ukingo na macho kwenye maji muda wote. Wazo la Sri Lanka, miti ya Garsen. Mjomba alisimamia, akituelekeza kwa mkono wake mmoja na kutukana kila kigingi kilichokaa upande.

Haukudumu. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliondoka na nusu ya uzio. Binamu wakaurekebisha. Yale ya Aprili na Mei 2024 yakaondoka na uliobaki, na nyanya mwenyewe akahamia kwa ndugu, mahali palipoinuka, hadi maji yalipopungua. Sasa upo wa tatu, vigingi vimezama chini zaidi. Mjomba anasema kiboko akiamua kupita atapita, na anasema kweli. Bomba bado halijatengenezwa. Uzio si bomba, nisije nikajisifu.

Ila nyanya alinipigia simu wiki iliyopita. Baada ya salamu zote, za kazi, za baridi ya Nairobi, aliniambia kwamba siku hizi akiwa ndani ya vile vigingi huwa anamtafuta. Nani? Mamba. Kuna mmoja mkubwa hupenda kuota jua ng'ambo, kwenye mchanga, kinywa wazi. Zamani alikuwa akimwona anarudi nyuma haraka. Sasa anajaza kopo lake, anasimama kidogo, anamtazama.

"Ni mnyama mzuri, ujue," alisema, kama mtu anayekiri jambo. "Ana ngozi kama kazi ya fundi. Sikuwahi kupata nafasi ya kumwangalia."